Kiziwi Anapokwenda Zahanati

Msomaji, chukulia kwamba umeamka na homa, ukapita vichochoro vya Lindi, kule Kibera, hadi zahanati. Umepewa kadi, umeketi kwenye benchi. Nesi anatokeza kichwa mlangoni na kuita jina lako. Huitikii. Anaita tena, kisha anamwita mwingine. Saa saba mchana bado umeketi, na waliokuja nyuma yako wamekwisha kwenda zao. Hivyo ndivyo siku ya kiziwi inavyoweza kupita, na baadaye tunamlaumu kwamba haji kliniki.

Wengi bado humwita bubu. Tuliache neno hilo. Lugha anayo, nayo ni Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo Katiba ya mwaka 2010 imeifanya lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Ina sarufi yake yenyewe, ndiyo maana kumwandikia karatasi hakutoshi kila mara.

Wengine hudhani viziwi wote husoma midomo. Simama mbele ya kioo, useme bila kutoa sauti: baba, mama, papa. Midomo imefanya jambo lile lile mara tatu. Sasa sema “pima”, kisha “bima”. Na kama muuguzi amevaa barakoa, hata hayo hayaonekani.

Jambo linalonisumbua zaidi ni jamaa kugeuzwa mkalimani. Msichana wa miaka 19 akiletwa na mama yake, nitamwulizaje kama amekosa hedhi? Atanijibu yale tu ambayo angependa mama ayajue. Naye mama, kwa huruma au kwa aibu, hupunguza maneno yangu. Shirika la Liverpool VCT, ambalo sasa huitwa LVCT Health, liliona hatari hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000, likafungua vituo vya viziwi vya kupima virusi vya UKIMWI, na washauri wake walikuwa viziwi wenyewe. Siri ilibaki kati ya wawili.

Zahanati ndogo haina mkalimani wa kudumu, lakini haikosi kalamu. Mpe mgonjwa namba iliyoandikwa kwa tarakimu kubwa, na zamu yake ikifika inua kadi yenye namba hiyo, au mguse bega. Keti mahali penye mwanga, umtazame yeye, si yule aliyemsindikiza. Kwenye bahasha ya dawa chora jua linalochomoza, jua la utosi na mwezi, na chini ya kila mchoro idadi ya vidonge. Kisha usimwulize kama ameelewa, maana ataitikia kwa kichwa kwa adabu tu. Mwambie akuonyeshe atakavyomeza.

Mazoezi nayo yana shida zake. Kiziwi hupata presha na kisukari kama wewe, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 kwa wiki. Kutembea kwa haraka kunatosha. Lakini atembee wapi? Wakazi wengi wa Kibera hupita juu ya reli, na kwa kiziwi treni inayotokea nyuma haina honi. Afadhali uwanja wa shule, mchana, pamoja na wenzake. Kiongozi wa kikundi asimame mbele na kuonyesha zoezi kabla ya kuanza. Katika kandanda, refa apeperushe kitambaa anapopuliza firimbi. Katika Michezo ya Olimpiki ya Viziwi, iliyoanzia Paris mwaka 1924, siku hizi wakimbiaji huanza mbio kwa kuona taa.

Wako pia waliopoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo. Kiungo kinachoupa mwili mizani kimo ndani ya sikio, hivyo nacho huenda kiliharibika. Mchana macho humsaidia. Giza likiingia huyumba, na majirani husema amelewa. Huyo asiogelee peke yake, kwa kuwa akizama anaweza kukosa kujua juu ni wapi. Asubuhi asimame kwa mguu mmoja karibu na ukuta, mkono ukiwa tayari kushika, ahesabu hadi 10, kisha abadilishe mguu.