Tununue Gari au Tukodi?

Ndugu wanakamati, bei ya gari ni mwanzo tu wa gharama. Hata likiegeshwa, bima na mshahara wa dereva hulipwa; likitembea, huongezeka mafuta, matairi na matengenezo. Tuliwahi kupokea gari la msaada bila bajeti hiyo. Likaishia juu ya mawe, na wagonjwa wakarudi kubebwa kwa machela.

Kabla ya kuomba gari, andikeni safari zote za miezi 3, masika ikiwemo: nani alisafiri, umbali gani, mzigo gani. Kisha linganisheni gharama za mwaka za kumiliki na za kukodi. Pikipiki ikimtosha mwinjilisti, inatosha. Luka 14:28 inatufundisha kuketi kwanza na kuhesabu.

Mjadiliane: matairi ya mwaka wa 3 atanunua nani?