Somo la Mwezi: Jicho kwa Shilingi Elfu Saba

Mwezi huu tujifunze habari za biashara ambayo wengi wetu twaifanya bila kujua kwamba ni biashara. Mtu anapewa bando la bure, au fedha kidogo, au mkopo wa haraka wa kuvushia wiki. Naye kwa upande wake anatoa jina, namba ya kitambulisho, picha ya uso, alama ya kidole, au ruhusa ya kufunguliwa vyote vilivyomo ndani ya simu yake. Hakuna mizani, hakuna risiti. Wawili wanaagana kwa furaha, na mmoja wao tu ndiye ajuaye alichonunua.

Tuanze na majirani zetu wa Kenya, kwa maana huko jambo hili lilionekana waziwazi. Mwezi Julai 2023 mradi uitwao Worldcoin, ambao mmoja wa waasisi wake ni Sam Altman wa Marekani, yule yule wa kampuni ya OpenAI, ulizinduliwa katika nchi mbalimbali, Kenya ikiwa mojawapo. Kazi ilikuwa hivi. Mtu alisimama mbele ya chombo cha mviringo mfano wa mpira wa chuma, chombo kikapiga picha mboni za macho yake na kuzigeuza kuwa tarakimu zisizofanana na za mtu mwingine yeyote. Wenyewe walieleza kwamba siku zinakuja ambapo mashine zitajifanya watu mtandaoni, hivyo itafaa kila mwanadamu awe na ushahidi kwamba yeye ni mtu kweli. Walisema pia kwamba picha yenyewe hufutwa, isipokuwa mwenyewe akiruhusu itunzwe. Aliyekubali alipewa sarafu 25 za kidijitali, ambazo kwa bei ya siku zile zilikuwa kama shilingi 7,000 za Kenya, yaani zaidi ya laki moja ya kwetu.

Watu walifurika. Pale Nairobi, kwenye jumba la mikutano la KICC, foleni zilikuwa ndefu kupita kiasi, na wengi walipoulizwa na waandishi wa habari hawakuficha: walifuata fedha. Agosti 2, 2023 serikali ya Kenya ilisimamisha shughuli hiyo, lakini wakati huo watu zaidi ya 350,000 walikuwa wamekwisha kupigwa picha za macho. Bunge likaunda kamati ya kuchunguza. Shauri nalo likafunguliwa na Katiba Institute pamoja na wenzake, na Mei 5, 2025 Jaji Roselyne Aburili wa Mahakama Kuu aliamua kwamba taarifa zile zilikusanywa kinyume cha sheria, kwa kuwa haikufanywa kwanza tathmini ya madhara kama sheria inavyotaka, na kwa kuwa ridhaa ya watu ilipatikana kwa kuwashawishi kwa malipo. Akaamuru zifutwe ndani ya siku saba chini ya usimamizi wa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Wapo waliowacheka watu wa foleni ile, wakisema ni tamaa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kwa kijana asiye na kazi, shilingi elfu saba ni kodi ya chumba na unga wa nyumbani, wala si haki kumwita mpumbavu kwa kuzitaka.

Hapa twakumbuka habari za Esau katika Mwanzo 25. Mahubiri mengi tuliyoyasikia juu ya sura ile humlaumu Esau, aliyetoka mawindoni amechoka akauza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu. Ni kweli Biblia yenyewe haimsifu. Lakini mara chache tumeulizwa juu ya yule aliyekuwa jikoni. Yakobo alimwona ndugu yake ana njaa, na kabla ya kumpakulia alitaja bei, tena akamtaka aape. Mahakama ya Nairobi haikuzungumza habari za dengu, ila ilitazama upande huo huo: haikuuliza kwa nini watu walikubali, iliuliza waliombwa katika hali gani. Brazili nayo, mwezi Januari 2025, mamlaka ya ulinzi wa taarifa iliukataza mradi huo huo kulipa watu ili wapigwe picha za macho, kwa hoja kwamba malipo yaweza kuondoa uhuru wa ridhaa, hasa kwa mtu mwenye shida. Naona hoja hiyo ni nzito. Ridhaa ya mtu mwenye njaa ni ridhaa, lakini anayeitafuta hapana budi aulizwe maswali.

Sasa mtu atauliza: kama taarifa zangu ni mali, mbona bei yake ni ndogo hivi? Jibu twaweza kulipata Mwaloni pale Kirumba. Hakuna mfanyabiashara anayesafiri kuja kununua dagaa mmoja. Dagaa mmoja hana bei kabisa. Anayetajirika ni yule anayekusanya magunia kwa magunia na kuyapeleka mbali. Ndivyo ilivyo na taarifa za watu. Jina lako peke yako halimfaidii mtu sana, bali majina laki tatu yenye namba za simu, umri, mahali na mazoea ya kununua ni shehena. Aliye na shehena hiyo ajua nani atangaziwe nini, nani akopeshwe, nani ni rahisi kudanganywa. Na wavuvi wetu wajua pia dagaa huvuliwaje: usiku wa giza, kwa taa. (Siku hizi karabai zimepungua, taa ni za betri na za jua, lakini dagaa hawajabadilika.) Bando la bure ni taa nzuri sana.

Tusidhani basi kwamba mambo haya ni ya Nairobi tu. Tangu Mei 1, 2019 usajili wa laini za simu nchini mwetu wahitaji kitambulisho cha Taifa na alama ya kidole, na jambo hilo lina faida yake. Lakini kila penye mwavuli wa kusajili laini, toka Nyegezi hata Igoma, yapasa mtu awe macho. Mbinu moja yajulikana: mwenye mashine husema kidole hakijasoma, weka tena, kumbe mara ya pili amesajili laini nyingine kwa jina lako. Wapo pia wanaokubali, kwa kulipwa kidogo, kumsajilia laini mtu wasiyemfahamu. Laini hiyo ikitumika kutuma ule ujumbe wa "tuma kwa namba hii", mwenye jina ndiye atakayetafutwa na polisi.

Mbaya zaidi ni mikopo ya mtandaoni isiyo na leseni. Mkopaji hupakua programu, nayo humwomba ruhusa ya kusoma majina na namba zote zilizomo katika simu. Hukubali kwa kidole kimoja, kwa maana ada ya shule haingoji. Akichelewa kulipa, ujumbe hupelekwa kwa mwajiri, kwa mama mkwe, kwa mwenyekiti wa kikoba: fulani ni mdaiwa sugu, mwambieni alipe. Ndoa zimetikisika kwa jambo hili. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali chake. Angalieni hapa neno moja linalosahaulika: namba zile za mama mkwe na za mwajiri hazikuwa za mkopaji. Yeye alikuwa amewekewa tu. Mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo.

Tofauti nyingine ni hii. Mtu akiibiwa namba ya siri ya benki, ataibadili kesho. Akiibiwa simu, atanunua nyingine Mungu akimjalia. Mboni ya jicho na alama ya kidole hazibadilishwi. Mtu anazo mpaka kaburini. Mahakama yaweza kuamuru zifutwe, na ni vizuri, lakini nani atahesabu nakala?

Sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ipo. Mtu aliyeonewa aweza kupeleka malalamiko huko. Kwa taarifa nyeti kama hizo za mwili, sheria yataka ridhaa ya maandishi, na mwenyewe aweza kuiondoa. Tena kwa simu yoyote piga *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa namba ya kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, nenda kwa kampuni ya simu yenyewe, ukaiondoe. Ujumbe wa kitapeli upelekwe namba 15040. Wazee wasio na simu za kupapasa wasaidiwe na wajukuu, wala wajukuu wasicheke.

Kwa mazungumzo katika vikundi vya akina mama na vya vijana: Someni Mwanzo 25:29–34. Kama Yakobo angempa nduguye chakula kwanza, kisha akamwomba haki ile, je, jibu lingekuwa lile lile? Katika simu yako mna majina ya watu wangapi, na ni wangapi kati yao waliokupa ruhusa ya kumpa mtu mwingine namba zao? Na daftari la majina na namba za simu za waumini, lile linalokaa mezani ofisini kwetu, ni nani aruhusiwe kulifungua?