Somo la Sita: Kupanga Mlingoti na Tanga la Mashua Inayovutwa kwa Tela

Zagayu haina ufuko. Mkazi wake anayenunua mashua ndogo ya tanga huitunza nyumbani, kisha huivuta kwa tela hadi Ziwa Victoria, kwenye mwambao wa Busega katika Ghuba ya Speke. Kwa hiyo mlingoti hulazwa na kusimamishwa kila safari, na mpangilio wake huanza upya. Mtumiaji asiyeufahamu huweza kununua chombo kizuri akakiona kibaya, au akanunua kibovu akajilaumu mwenyewe.

Kabla ya kulipa

Mtake muuzaji asimamishe mlingoti mbele yako, nchi kavu, mahali pasipo na nyaya za umeme juu. Kagua kila waya unaoushikilia: ukiona uzi mmoja tu umekatika, waya huo wote ubadilishwe. Kagua pini, kitako cha mlingoti na mishono ya tanga. Dai stakabadhi inayotaja kila kifaa ulichouziwa.

Kunyoosha mlingoti

1. Pima kwa kamba ya kupandishia tanga (henza), kutoka kileleni hadi ubavu wa kulia, kisha wa kushoto. Vipimo vilingane.
2. Kaza nyaya za pande zote mbili kwa mizunguko iliyo sawa.
3. Majini, waya wa upande usiopigwa na upepo ukilegea kidogo si kosa. Ukining'inia, rudi ufukweni ukaze pande zote.

Kuusikiliza usukani

Katika upepo wa wastani, mashua ikienda joshi, legeza mkono wa usukani (kana) kwa muda mfupi. Mashua iliyopangwa vema huelekea upepo polepole. Ikivuta kwa nguvu kuelekea upepo, kwanza ipunguzie kulala: abiria wakae upande wa upepo, na tanga lilegezwe. Tatizo likibaki, inamisha mlingoti mbele kidogo. Ikiukimbia upepo, hiyo ni hatari, kwa kuwa nahodha akianguka majini chombo huweza kuendelea kwenda bila yeye. Inamisha mlingoti nyuma kidogo, ujaribu tena.

Upepo wa ziwani

Usiku upepo huelekea kuvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana hugeuka, ukavuma kutoka ziwani. Kwa hiyo anayerejea Busega alasiri mara nyingi hupata upepo wa nyuma, na mti wa chini wa tanga huweza kuruka ghafla upande wa pili. Vichwa viwe chini. Kamba ya kuongozea tanga (demani) ishikwe mkononi, isifungwe kamwe: dharuba ikija, kuiachia ndiyo kinga ya kwanza. Kila aliyemo avae jaketi okozi. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kabla ya kuondoka. Upepo ukitarajiwa kuwa mkali, ahirisha safari.

Haki na wajibu wako

Ukaguzi na usajili wa vyombo vya majini ni jukumu la Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC). Ukiuziwa kifaa kisicholingana na maelezo ya muuzaji, mrejee kwanza ukiwa na stakabadhi. Asipokusikiliza, wasilisha malalamiko Tume ya Ushindani (FCC).

Jipime: Je, waweza kueleza kwa nini demani haifungwi? Kama bado, usiingie ziwani peke yako.