Utamu Bandia na Uzito wa Mwili: Maelezo kwa Familia

Siku hizi nyumba nyingi zinajaribu kuachana na sukari. Baba amepimwa uzito na presha zahanati, akaambiwa apunguze mwili. Wiki haijaisha, mezani pameongezeka kikopo cha vidonge vya kutia utamu kwenye chai, na kwenye friji kuna soda iliyoandikwa "zero". Nia ni njema kabisa. Swali ni kama uzito utapungua kweli, na jibu ni kwamba unaweza kupungua kidogo, kwa muda mfupi, ikiwa vitu vingine navyo vitabadilika.

Vitamu hivi ni vipi?

Vinavyotumika zaidi ni aspartamu, sukralosi, sakarini, asesulfamu na siklameti, pamoja na stevia inayotolewa kwenye majani ya mmea. Aspartamu ina utamu wa karibu mara 200 ya sukari, na sukralosi karibu mara 600. Kwa hiyo chembe ndogo inatosha kikombe kizima, na nguvu inayouletea mwili ni karibu na sifuri. Si vitu vya jana: sakarini iligunduliwa Marekani mwaka 1879.

Usivitafute kwenye soda peke yake. Vimo kwenye juisi za unga zinazouzwa kwa pakiti madukani, mtindi wenye ladha, ubani wa kutafuna na hata baadhi ya dawa za maji za watoto. Soma lebo: E950 ni asesulfamu, E951 aspartamu, E952 siklameti, E954 sakarini, E955 sukralosi na E960 stevia. Chunguza hasa pakiti za juisi ya unga, kwa sababu baadhi yake zina sukari na kitamu bandia pamoja. Mzazi anayedhani amemwepusha mtoto na sukari huwa amempa vyote viwili.

Kuhusu uzito

Tuanze na upande unaovitetea. Mtu anayekunywa vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vidogo, ameshakula gramu 36 hivi za sukari kabla hajagusa soda wala keki. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu yote ya chakula cha siku, na kwamba ingefaa zaidi ikishuka chini ya asilimia 5, yaani takriban gramu 25, vijiko sita. Ukiiondoa sukari hiyo na usiifidie kwa chakula kingine, mwili utapungua. Uholanzi, utafiti uliotolewa mwaka 2012 uliwafuatilia watoto 641 kwa miezi 18. Wengine walipewa kinywaji cha sukari kila siku, wengine kinywaji kama hicho chenye utamu bandia. Wa sukari waliongezeka kilo 7.37 kwa wastani, wa utamu bandia kilo 6.35. Tofauti ya kilo moja kwa mtoto si ya kupuuza.

Lakini watoto wale hawakujua wanakunywa kipi. Nyumbani tunajua, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Aliyeagiza soda ya zero huona amejiwekea akiba, akaongeza sahani ya chipsi au chapati ya tatu. Nguvu iliyookolewa kwenye chupa imerudi kupitia mafuta, na gramu moja ya mafuta ina nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya sukari. Tena ulimi uliozoeshwa utamu mkali asubuhi, mchana na jioni haupati nafasi ya kuridhika na papai au maji matupu. Kwa maoni yetu hii ndiyo hasara kubwa kuliko zote, kwa sababu inamfuata mtu kwenye kila mlo.

Mwezi Mei 2023 WHO ilitoa mwongozo baada ya kupitia tafiti nyingi. Katika majaribio ya muda mfupi, waliotumia vitamu hivi walipungua kwa wastani chini ya kilo moja. Katika tafiti zilizowafuatilia watu kwa miaka, watumiaji walionekana kuwa na unene zaidi, pamoja na kisukari cha aina ya pili na magonjwa ya moyo. Hapa tuwe waangalifu: mara nyingi anayekimbilia vitamu hivi ni yule ambaye tayari mwili umeongezeka, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwa hakika kwamba vitamu ndivyo vilivyomnenepesha. WHO yenyewe inauita ushauri wake wa masharti kwa sababu hiyo. Ushauri wenyewe ni kwamba visitumike kama njia ya kudhibiti uzito.

Na saratani? Mwaka huohuo aspartamu iliwekwa kwenye kundi la vitu ambavyo "huenda" vikasababisha saratani, kwa ushahidi mdogo. Kiwango kinachokubalika hakikubadilishwa: miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 70 angehitaji makopo zaidi ya tisa ya soda kwa siku ili akizidi.

La kufanya nyumbani

Punguza sukari kwenye chai polepole: vijiko vitatu viwe viwili na nusu, baada ya wiki mbili viwe viwili, hivyo hivyo hadi ulimi uzoee. Chai yenye tangawizi, iliki, mdalasini au mchaichai inanyweka vizuri na sukari kidogo sana. Asali na sukari guru zihesabiwe kama sukari. Kama soda ni ya kila siku na kuiacha ghafla kumekushinda, ya zero inaweza kukuvusha, huku ukisogea kwenye maji. Watoto hawahitaji vitamu hivi hata kidogo. Wapewe maji, maziwa na matunda mazima.

Mwenye kisukari

Mwongozo wa WHO hauwahusu watu ambao tayari wana kisukari, kwa hiyo mgonjwa asirudi kwenye sukari kwa sababu ya maelezo haya. Aendelee na alivyoelekezwa kliniki na asiache dawa. Mwenye ugonjwa wa kurithi uitwao fenilketonuria asitumie aspartamu kabisa.

Kuna jambo moja ambalo kila aliye nyumbani, hata dada wa kazi, alijue. Mgonjwa anayetumia insulini au vidonge anaweza kushukiwa na sukari ghafla: anatetemeka, anatoka jasho, anachanganyikiwa. Wakati huo soda ya zero na vidonge vya utamu havimsaidii chochote. Mpe glukosi, au vijiko vinne vidogo vya sukari halisi kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Subiri dakika 15. Kama hajapata nafuu, rudia. Akizimia, usimmiminie kitu mdomoni. Mlaze kwa ubavu, mwite jirani mwenye gari, awahishwe hospitali.