Bustani Ieleayo Ziwani

Katika mji wa Hyderabad, nchi ya India, liko ziwa liitwalo Neknampur. Maji machafu ya mji yalimiminika humo, yakawa mbolea kwa magugu na ukoga. Vitu hivi vikioza humaliza hewa iliyomo majini, na samaki hufa. Mwaka 2018 kilitiwa ziwani chelezo kikubwa cha mianzi, kimepandwa mimea ya kinamasi. Mizizi huning'inia majini, na juu yake hukaa vijidudu visivyoonekana kwa macho. Hivyo hula uchafu usiku na mchana, pasipo ujira. Mimea nayo huinyonya ile mbolea, ukoga ukakosa chakula. Majani yakikomaa yapasa kukatwa na kupelekwa nchi kavu, kwani yakiozea ziwani, mbolea hurudi majini.