Siku ya Kutetea Tasnifu: Mwongozo kwa Mtahiniwa wa Uzamivu

Watahiniwa wengi huingia kwenye utetezi wakidhani wanakwenda kuisimulia tasnifu. Jopo halina haja ya kusimuliwa. Watahini wamekwisha kuisoma na kuandika ripoti zao; wanachotaka kujua ni kama kazi ni yako kweli, na kama unajua inapoishia.

Taratibu hazifanani. Uingereza mtihani hufanyika faragha. Uholanzi ni hadharani, na muda uliowekwa, mara nyingi dakika 45, ukitimia afisa wa chuo huingia na fimbo yake na kutangaza kwa Kilatini kwamba muda umekwisha, hata kama mtu yuko katikati ya sentensi. Kwetu Afrika Mashariki kila chuo kina kanuni zake, hivyo ziombe mapema. Uliza nani watakaa kwenye jopo, utapewa dakika ngapi za kuwasilisha, na kama wageni wanaruhusiwa.

Kisha soma nakala ileile uliyoikabidhi, si faili uliloendelea kulirekebisha kwenye kompyuta. Mtahini wa nje akisema “ukurasa wa 112, aya ya pili”, nawe ufungue hapohapo. Makosa ya chapa utakayoyaona yaorodheshe, uende nayo.

Nguvu kubwa iweke kwenye maswali ya “kwa nini”. Tuseme umetafiti biashara ya samaki, nawe unaulizwa kwa nini uliwahoji wavuvi wa Kilwa pekee ukawaacha wa Mafia. “Msimamizi alinishauri” ndilo jibu baya kuliko yote, kwani linamkabidhi mtu mwingine tasnifu yako. “Muda na fedha havikutosha” huenda ni kweli, lakini halitoshi. Afadhali useme: “Nilitaka wavuvi wanaouza kwenye mnada mmoja, ili tofauti ya bei kati ya masoko isivuruge ulinganisho. Kwa hiyo matokeo haya siwezi kuyapeleka Mafia.” Hapo umetoa sababu na umeonyesha mpaka.

Fanya mazoezi kwa sauti, mbele ya wenzako wasiokuonea haya, na awepo mmoja asiye wa fani yako. Anayetetea kwa Kiswahili ilhali nadharia zake alizisoma kwa Kiingereza azoee kuzitamka istilahi kabla ya siku yenyewe. Aliyeandika kwa Kiingereza naye asijidanganye: kuandika lugha ni kazi moja, kubishana kwayo ni nyingine.

Tumelelewa kutobishana na wakubwa, na profesa ni mkubwa. Kwenye utetezi, hata hivyo, kunyamaza huonekana kama kukosa hoja. Hoja ya mtahini ikiwa na uzito, ikubali. Ukiwa na ushahidi dhidi yake, ushikilie kwa adabu na utaje ukurasa. Swali usilolielewa omba lirudiwe, na usilolijua sema hulijui.

Mwombe mtu anayeruhusiwa kuwamo akuandikie maswali yote. Kufaulu kwa sharti la kufanya masahihisho ni jambo la kawaida. Ripoti ya jopo ikikufikia, tengeneza jedwali la safu tatu: hoja ya mtahini, ulichorekebisha, na ukurasa kilipo. Aliyeteuliwa kukagua masahihisho atakushukuru. Na usilipie nakala za jalada gumu kabla hajatia saini.