Kahawa Ingali Mtini: Mafundisho Jamii ya Kanisa kwa Jumuiya za Ngara na Biharamulo

Mafundisho Jamii ni nini?

Ni mafundisho ya Kanisa Katoliki kuhusu kazi, mali, ujira na uongozi. Waraka wa Rerum Novarum ulitolewa na Papa Leo XIII mwaka 1891, wafanyakazi wa viwandani Ulaya wakiwa taabani. Ulitetea haki ya mtu kumiliki mali, na papo hapo ukamkemea tajiri anayemfanya mfanyakazi mtumwa wa faida yake. Mafundisho haya ni mizani ya kupimia vyama na ilani zote.

Tupime butura

Kagera tunaijua butura, yaani kuuza kahawa ingali mtini. Mtoto anaumwa, akiba imekwisha, kahawa ingali mbichi mtini. Mwenye fedha anaingia shambani, anatazama matawi, anataja bei. Mkulima anapokea noti chache, na siku ya mavuno magunia yanakwenda kwa mwingine.

Anayetukuza soko atasema: "Si wamekubaliana?" Rerum Novarum unajibu kwamba anayekubali masharti magumu kwa kubanwa na shida amedhulumiwa. Anayeitegemea dola kwa kila kitu atataka kahawa yote iwe ya serikali. Hapo mkulima anapoteza sauti juu ya jasho lake. Butura imepigwa marufuku, lakini marufuku peke yake haimtibu mtoto.

Kanuni nne za mafundisho haya

- Utu: mkulima asigeuzwe chombo cha faida ya mwingine.
- Manufaa ya wote: mavuno mema yamfikie na mnyonge.
- Mshikamano: shida ya jirani ni yangu.
- Auni: linalowezekana katika familia, jumuiya au chama cha msingi lisinyang'anywe na wakubwa; linalowashinda, serikali isaidie.

Mfano wa nyumbani

Azimio la Arusha, lililoweka siasa ya Ujamaa nchini, lilitangazwa mwaka 1967. Christopher Mwoleka, Askofu wa Rulenge kuanzia 1969 hadi 1996, aliunga mkono Ujamaa kwa vitendo: alikwenda kuishi na wanakijiji katika kijiji cha ujamaa. Kwake, chimbuko la kushirikiana lilikuwa Utatu Mtakatifu, Nafsi Tatu zinazoshiriki vyote.

Wajibu wetu

Katika mkutano wa jumuiya wiki hii, ulizaneni: nani kati yetu anakaribia kuuza kahawa ya mtini? Mfuko wa jumuiya umkopeshe kabla mnunuzi hajafika. Na mgombea akija kuomba kura, wa chama chochote, mwulizeni atafanya nini kuhusu butura. Jibu lake lipimeni kwa kanuni hizi nne, ndipo mpige kura.